Shamba nalima mimi, mbolea inatoka kwa jina la mzee

Barua hii imetufikia kutoka Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Tumeondoa jina la kijiji ili mwandishi asitambulike.

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36. Kwetu ni Kibaigwa, niliolewa huku upande wa Mvumi mwaka 2009. Mume wangu aliondoka 2020 kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mpaka leo anatafuta. Sisemi ni mtu mbaya. Anapiga simu, akipata anatuma, lakini mwaka juzi alikuja mara moja tu, tena kwa ajili ya msiba, akakaa siku nne akarudi.

Tunaishi uwanja mmoja na baba mkwe na mama mkwe. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana mji wake ng'ambo ya korongo. Mzee ana ng'ombe kumi na mmoja na mbuzi. Shamba ninalolima ni ekari nne. Mzee alimkatia mume wangu tulipooana, akatuonyesha mpaka kwa mdomo, kutoka kwenye mbuyu mpaka njia ya ng'ombe. Karatasi hakuna. Nalima uwele na mtama, karanga kidogo, na njugu mawe pembeni. Msimu uliopita nilipata gunia tatu za mtama na madebe machache ya uwele. Wa huku wanajua hicho ni chakula cha kukufikisha wapi.

Kinachoninyima usingizi ni korongo. Nilipokuja lilikuwa mfereji ambao mtoto anauruka. Leo mtu mzima akisimama ndani humuoni kichwa. Kila mvua kubwa linamega, na limeshakula karibu nusu ekari upande wangu. Nilikuwa na mgunga mmoja ukingoni, mwezi wa pili ulilala chini pamoja na udongo wake.

Sasa Shangazi, nilisikia redioni habari za mbolea ya ruzuku, kwamba mkulima anajiandikisha kijijini, anapewa namba, anakwenda nayo kwa wakala. Nikaenda ofisini na kitambulisho changu. Nikaambiwa shamba lile limeshaandikishwa, ekari zote ziko kwa jina la mzee na namba ya simu ni ya shemeji. Baadaye nikasikia mifuko miwili imechukuliwa. Mimi sikuiona hata gunia lake tupu. Nilipomuuliza shemeji akacheka, akasema, "Shemeji, wewe umetoka Kibaigwa jana, unataka kuwa mwenye shamba?"

Kuna kijana anashinda pale ofisini. Si mtumishi, lakini anajua kila mtu. Ameniambia nikimpa elfu ishirini "ya mafuta ya pikipiki" jina langu litaingia, na hata kwenye orodha nyingine zikija. Hela hiyo ninayo, nimeuza kuku.

Halafu kuna hili la visiki. Walikuja watu kutufundisha kisiki hai. Unachagua visiki vya miti vilivyochipua shambani, unapogolea machipukizi ubaki na machache yenye nguvu, unaweka alama, unalinda. Nilivipata 31. Nikachana kanga yangu ya zamani nikafunga alama kila kimoja. Mzee aliniona, hakusema kitu siku ile. Jioni akamwambia mama mkwe nikisikia, "Anawajengea kwelea nyumba," yaani wale ndege wanaomaliza mtama. Mwezi wa nane nilikwenda shambani asubuhi nikakuta visiki tisa vimekatwa na shoka mpaka chini. Nilirudi nyumbani nikilia. Nikakuta vipande tisa vya kanga viko juu ya kinu changu, vimekunjwa mara nne, vimepangwa.

Nilimpigia mume wangu. Akasema, "Msikilize mzee, shamba ni la ukoo."

Wanawake wenzangu watano wananiita tuunde kikundi tuombe mkopo wa halmashauri, wanataka niwe katibu kwa sababu nilifika kidato cha nne. Lakini naogopa kuongeza moto nyumbani.

Nifanye nini? Nimpe yule kijana elfu ishirini nipate jina langu? Niende mbele nidai shamba? Au niache visiki, niache mbolea, nilime tu kama wengine mpaka korongo lifike mlangoni?

Mkamwana, Chamwino

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa korongo na pole kwa visiki.

Barua yako nimeisoma mezani mara mbili, na mara ya tatu ndani ya daladala ya Nzuguni, na kila mara nimekwama palepale, kwenye vile vitambaa juu ya kinu. Nitavirudia. Kwanza nikueleze nilivyokuelewa, unisahihishe kama nimepotea. Unalima ardhi uliyoonyeshwa kwa mdomo. Msaada wa serikali unapita kwa jina la mzee na simu ya shemeji. Ulipoamua kuitunza ardhi yenyewe, bila kumwomba mtu hela wala mbolea, ulichokitunza kikakatwa. Na mwenye ndoa yako yuko mbali kilomita zaidi ya mia nne, anakwambia usikilize. Ndiyo maana elfu ishirini inaonekana kama mlango wa mkato.

Tuanze na hiyo elfu ishirini, maana ndiyo nyepesi. Kujiandikisha kwenye daftari la wakulima ni bure. Anayekuomba ya mafuta hawezi kukuandikia stakabadhi, na siku jina lisipoingia huna pa kumshika. Kibaya zaidi, ukishatoa mara moja, "orodha nyingine zikija" utatafutwa tena. Najua kuna namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, 113, ya bure, na ni haki yako kuipiga. Najua pia kijiji ni kidogo na kesho mtakutana kisimani. Wako wanawake walionieleza kuwa kwao ilitosha kwenda ofisini watatu au wanne pamoja, siku ambayo afisa ugani wa kata yupo, wakauliza kwa sauti ya kawaida kinachotakiwa ni nini. Mkutano mkuu wa kijiji nao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na swali la nani yumo kwenye daftari ni swali halali pale. Lipi kati ya haya unaliweza, unajua wewe unayeishi pale.

Ila hata ukilipita hilo bila kutoa senti, afisa atakuta ekari zako nne zimo ndani ya zile za mzee. Ili uandikwe wewe, za mzee zipunguzwe. Ataulizwa. Kwa hiyo yule kijana anakuuzia njia ya kuzunguka mazungumzo ambayo hayazungukiki.

Hapo kuna jambo nataka tulitazame vizuri, kwa sababu nadhani nyumbani kwenu nyote mmelichanganya, wewe, shemeji na mzee. Daftari la wakulima si daftari la ardhi. Linasema nani analima, wapi, ukubwa gani, zao gani. Kuandikwa humo hakukupi umiliki, na kutoandikwa hakukunyang'anyi. Shemeji aliposema "unataka kuwa mwenye shamba", alijibu swali ambalo hukuuliza. Mzee akielezwa hivyo na mtu anayemheshimu, pengine afisa mwenyewe, huenda asione mkono wako kwenye ardhi yake. Huenda. Simjui.

Na sasa nikuulize la mbolea yenyewe, usinikasirikie. Mpango huu ulianza msimu wa 2022/2023, bei za dunia zilipopaa, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukashushwa mpaka kama shilingi 70,000 wakati bila ruzuku ulikuwa umevuka laki moja. Umeshushwa, haukutolewa bure. Mifuko miwili ile mtu alitoa hela mfukoni. Kama ni shemeji, basi alichochukua kwako ni nafasi, si mali, na hiyo ni kesi tofauti unapokwenda kuizungumza. Ukimwambia "umeniibia mbolea" atakuonyesha risiti ya wakala na utaonekana mzushi. Ukimwambia "ekari nne zile zina mlimaji, naomba msimu huu namba iniletee ujumbe mimi" ni maneno mengine.

Lakini je, unaihitaji? Kwenu mvua ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka mzima, inaanza Desemba inakwisha Aprili, na katikati hapo Februari kuna wiki mbili tatu jua linarudi kama halikuwahi kuondoka. Mbolea ya dukani bila unyevu inaunguza mmea, na yule aliyekopa kuinunua anabaki na deni. Shamba linaloteremsha maji yake yote korongoni litateremsha na mbolea pia. Sisemi uiache. Nasema ukipewa leo, nusu yake itakwenda kuishi na ule mgunga wako ulioanguka.

Jirani zako wa Chololo, hapohapo Dodoma, wana mashimo ambayo mkulima mmoja wa pale aliyabuni na sasa yanaitwa kwa jina la kijiji chao. Shimo lina upana wa kama sentimita 22 na kina 30, sentimita 60 kutoka shimo hadi shimo, 90 kati ya mstari na mstari. Ndani unatia samadi, mabua ya msimu uliopita, na majivu kidogo kuwafukuza mchwa. Mvua ikinyesha, maji yanasimama shimoni badala ya kukimbia. Ni kazi, tena kazi ya mgongo, usidanganywe na picha. Ekari nne huwezi peke yako. Robo ekari unaweza. Na samadi iko wapi? Iko kwenye zizi la ng'ombe kumi na mmoja, hatua chache kutoka kwenye kinu chako, na mwenye funguo ni yuleyule mzee. Umeshawahi kumwomba? Barua yako haisemi. Umeeleza ulivyokwenda ofisi ya kijiji, ulivyomuuliza shemeji na ulivyopiga simu Dar es Salaam. Mahali ulipozungumza na baba mkwe mwenyewe sijapaona. Yawezekana kwa adabu za kwenu mkamwana hasemi na mkwewe ana kwa ana. Kama ni hivyo, nani humsemea?

Tumtazame basi huyu mzee. Umri wake hukuutaja, lakini ana watoto wenye familia, nakisia yuko karibu na sabini na kitu. Mtu wa umri huo wa Ugogo alikuwa kijana Operesheni Dodoma ilipopita mwaka 1970 na 1971, watu wakahamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani kwenda vijijini. Kisha mwaka 1973 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee wanauita HADO mpaka leo. Walichimba makinga maji, wakapanda miti, na mwaka 1979 ng'ombe wote wakaamriwa kutoka kwenye maeneo yaliyoharibika ya Kondoa. Baadaye Mvumi nako mifugo ikaondolewa. Ardhi ilipumua kweli, vilima vya Kondoa vikarudisha nyasi na miti, wataalamu wanakwenda kuvitazama. Lakini mwenye ng'ombe anakumbuka siku aliyoswaga mifugo yake kuipeleka kwa ndugu. Wewe ukifunga kitambaa kwenye kisiki, unaona mti. Yeye huenda anaona watu wa mradi wameingia shambani, na baada ya mti atafuatwa ng'ombe. Sisemi ndivyo anavyofikiri. Nasema ingefaa kumuuliza HADO ilimkuta wapi, umsikilize mpaka mwisho kabla ya kutaja visiki.

Na la kwelea, mwanangu, usilicheke. Mtu aliyekaa siku nzima kwenye dungu kuamia mtama, mwezi wa tatu na wa nne, akipiga kopo, halafu wingu la ndege likatua jioni likamaliza kila kitu, ana haki ya kuogopa tawi. Ana ukweli nusu. Kwelea kwelea hulala na kuzaliana kwenye vichaka vizito vya miiba na kwenye matete. Kisiki kilichoachwa bila kupogolewa, chenye fito ishirini, ni kichaka. Kilichopogolewa kikabaki na shina moja au mawili yaliyonyooka hakiwafichi. Kwa hiyo kupogolea kwako, hasa ukirudia kila mwaka, ndiko kunakojibu hofu yake, na unaweza kumwonyesha kwa macho: kisiki kimoja ulichokipogolea na kimoja cha porini, visimame wazi. Tena kama kati ya visiki vyako kuna mpogolo, ule ambao wengine huuita mkababu, una la kumwambia mfugaji yeyote. Unapukutisha majani wakati wa mvua, hauwekei mtama kivuli, na kiangazi unaangusha maganda ambayo ng'ombe wanayagombania. Mzee atakuwa anaujua kuliko mimi. Pengine angependa kuulizwa ni visiki vipi vya kubaki.

Korongo nalo halizibwi pale linapomega. Wengi hutupa mawe na miiba mdomoni, mvua ya kwanza inayafagia. Maji yanazuiwa juu, yanakotoka. Ndiyo kazi ya fanya juu, mtaro unaochimbwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokata mteremko, na udongo wake kutupwa upande wa mlimani. Mtaro huo ukikosea mteremko, unayakusanya maji na kuyaachia mahali pamoja, na hapo umezaa korongo la pili, kwa hiyo usichimbe kabla afisa ugani hajapima. Hawa wa kata walipewa pikipiki na serikali mwaka 2022, na kuja shambani kwako ni kazi yake, si fadhila. Akifika atauliza maji yanaanzia wapi, na huenda jibu likawa shamba la shemeji, au ile njia ya ng'ombe. Mkifika hapo halitakuwa tena la mkamwana na mkwewe. Serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo kuhusu njia za mifugo na malisho baada ya mavuno, ikapelekwa halmashauri kuidhinishwa. Inachukua muda, na inaweza kukutengenezea maadui wapya kati ya wafugaji. Hilo pia liweke kwenye mizani.

Niseme langu moja hapa, kwa sababu linanikera miaka yote: mkulima ana shamba moja, serikali ina madawati manne. Mbolea ni kilimo, ng'ombe ni mifugo, miti ni maliasili, kikundi ni maendeleo ya jamii. Mama wa watoto watatu anazunguka ofisi zote hizo kwa miguu. Zunguka kidogo uwezavyo. Kwa hali yako ningeanza na ugani wa kata, nimwombe yeye aulize kwingine. Mwulize pia kuhusu mbegu. Kituo cha utafiti cha TARI Hombolo kiko hapohapo Dodoma na kinashughulika na mtama na uwele, na mbegu kama Macia ya mtama au Okoa ya uwele hukomaa mapema, kabla mvua haijakukimbia. Na kama TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanafanya ajira za muda kijijini kwenu, malambo na makinga maji ni kati ya kazi zao. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, si kwa kupitia kijana wa ofisini.

La kudai shamba nimeliacha mpaka sasa kwa makusudi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ipo hati miliki ya kimila, inayotolewa kupitia halmashauri ya kijiji, na inaweza kubeba majina ya wote wawili, mke na mume. Ukiwa na hati hiyo hakuna wa kukuambia umetoka Kibaigwa jana. Lakini ekari zako zilitolewa na mzee kwa mwanawe, kwa mdomo, na mashahidi ni mbuyu na njia ya ng'ombe. Ukienda leo Baraza la Ardhi la Kijiji peke yako, mume hayupo, mzee yu hai na amekasirika, baraza litawapatanisha tu, na unaweza kurudi nyumbani na mapatano ambayo hukuyataka. Ukingoja sana nako kuna hatari, na nitaisema ingawa ni nzito: siku mzee akifariki, mpaka wa mdomo unakufa naye, na shemeji ndiye jirani. Katikati ya haraka na kungoja kuna jambo dogo, kumwomba mzee auonyeshe mpaka huo tena mbele ya wazee wawili na mwenyekiti wa kitongoji, uandikwe. Kwa jina la mume wako na lako, au la mume tu kwa sasa? Wanawake wenye busara wamechagua pande zote mbili, na sitajifanya najua lipi ni lako.

Mume wako anaingia hapo. Alikwambia wewe umsikilize mzee. Je, yeye amewahi kumpigia mzee akamwambia amsikilize mkamwana? Kukupigia wewe na kumpigia baba yake ni simu mbili tofauti. Unaweza kumwomba hiyo ya pili bila kumwomba ashike upande, amwambie tu mzee kwamba anayelima zile ekari nne ni wewe, kwa niaba ya nyumba yenu, na yeye anajua.

Kikundi je? Mkopo wa halmashauri ni ule wa asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, hauna riba. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Huombwi shamba wala hati ya mtu, na kuhusu usajili wa kuanza naye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hatari yake ni kwamba deni ni la wote, mmoja akikimbia watano wanalipa, na mkopo wa kilimo mvua ikikataa unarudishwa kwa mbuzi. Unasema unaogopa kuongeza moto nyumbani. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba wanawake sita wanaochimba mashimo kwa zamu, Jumatatu kwako na Jumanne kwa mwenzako, wakaanza hata bila mkopo, na robo ekari yako ikapatikana kabla ya Desemba.

Sasa vile vitambaa. Umeviandika kama salamu ya vita, na nilivyosoma mara ya kwanza nami niliona hivyo. Mara ya tatu nikajiuliza. Mwanamume mwenye hasira na shoka mkononi hukata akaondoka, kitambaa anakiacha kwenye vumbi. Hivi viliokotwa kimoja kimoja, vikakunjwa mara nne, vikapangwa juu ya kinu, mahali ambapo ni wanawake wa nyumba hiyo tu wana shughuli napo. Una hakika aliyekata ndiye aliyekunja? Katika barua nzima mama mkwe amepita mara mbili tu, kimya, na mara moja alikuwa anaambiwa habari za kwelea nawe ukisikia. Yeye ameishi na mzee huyu na korongo hili muda mrefu kuliko wewe. Kabla hujaenda kwa yule kijana, kabla hata ya afisa, kaa naye mkitwanga au mkipembua karanga umuulize alikuwa anataka kukwambia nini.

Vilivyobaki ni visiki 22. Nenda ukavihesabu kesho asubuhi, na wiki ijayo tena. Kama bado ni 22, kuna mtu mwingine pale uwanjani ambaye naye anavihesabu.